Masta ya kemia huku magharibi: upike molekuli za presha ama za bakteria?

Kila wakati wa kuandika propozali ukifika kwa vyuo vikuu vyetu vya magharibi mwa Kenya, Maseno, MMUST, JOOUST na hata Egerton pale Njoro, kuna mtu atauliza hii swali: nataka kutengeneza kampaundi mpya za dawa, niende upande wa presha ama wa maambukizi? Na majibu yenye hupewa huwa ni mawili tu, ya kwanza fuata roho yako, ya pili chagua ugonjwa wenye unaua watu wengi, na hakuna hata moja itakusaidia ukiwa umesimama mbele ya kondensa, ile bomba ya glasi ya kupoza mvuke, saa mbili usiku na maji yamepotea kwa mfereji. Wacha tuzipime zote mbili kwa mizani moja. Naongea juu ya dawa za kutengenezwa kutoka mwanzo, molekuli yenye haikuwa duniani jana, si ile kazi ya kuchemsha magome ya mti na kupima maji yake, hiyo nayo ina heshima yake lakini ni habari ingine.

Msimamo wangu nausema mapema usije ukashuka hadi chini ukiutafuta. Kama uko labu ya kawaida ya chuo, pesa ni ya kujichangia na muda ni miaka miwili, chukua maambukizi, na ndani ya maambukizi chukua bakteria. Presha ni mzigo mkubwa, sikatai, boma lenye halina mtu wa tembe za presha siku hizi ni la kutafuta, lakini molekuli mbovu ya bakteria hukuambia ubovu wake kesho yake asubuhi, na molekuli mbovu ya presha inaweza kukudanganya mwaka mzima mpaka siku ya kutetea tasnifu. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia ni nani asinisikize.

Ndugu wa tumbo moja

Watu hudhani dawa ya presha na dawa ya bakteria ni dunia mbili tofauti. 1932 huko Bayer, Ujerumani, Gerhard Domagk alikuwa anapima rangi za viwandani kwa panya wenye ameambukiza streptokoki, rangi moja nyekundu ikaponya panya, ikaitwa Prontosil, akaichapisha 1935 na Nobel yake ikatangazwa 1939. Kichekesho ni kwamba hiyo Prontosil ukiiweka kwa sahani ya bakteria haifanyi kitu. Watu wa Taasisi ya Pasteur kule Paris ndio walionyesha, mwaka huohuo wa 1935, kwamba mwili huikata vipande na kipande chenye kinafanya kazi ni sulfanilamidi, kitu kidogo tu, rahisi, hata rangi hakina.

Sasa sulfanilamidi ikaanza kupewa watu wengi na madaktari wakaona mkojo wa wagonjwa unabadilika, kumbe inabana kimeng'enya kimoja huko kwa figo kinaitwa kaboniki anhidrasi. 1949 daktari wa Boston, William Schwartz, akaitumia kutoa maji kwa wagonjwa wenye moyo umeshindwa kazi, maji yakatoka, ila dawa ilikuwa kali haingeweza kuliwa muda mrefu. Wanakemia wakaanza kuchezea ile sulfonamidi, ongeza klorini hapa, funga mviringo pale, mpaka timu ya Merck ikatoka na klorothiazidi yenye iliingia sokoni 1958, na haikukaa ikafuatwa na hidroklorothiazidi. Hiyo ya pili unaijua, ni HCTZ, tembe ya kukojoa yenye wazee wetu hubeba kwa bahasha ya khaki wakitoka Russia, na kwa wasomaji wa mbali, Russia ni hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, hakuna aliyepanda ndege.

Upande ule mwingine nao sulfa haijafa. Iko ndani ya Septrin, na iko ndani ya Fansidar yenye sasa tunaiita SP, ile Kenya iliacha kutumia kama tiba ya malaria lakini akina mama wajawazito wa kanda ya ziwa bado wanapewa kliniki kama kinga. 2022 kiwanda cha Universal Corporation pale Kikuyu kikawa cha kwanza Afrika kupitishwa na WHO kwa hiyo SP. Molekuli za zamani hivyo, na bado zinatafutiwa kiwanda.

Nimekaa hapa kwa sababu propozali nyingi naziona zikianza na sulfonamidi, halafu mtu anaandika kwamba kampaundi zake 12 zitapimwa "dhidi ya bakteria na presha" kana kwamba ni kununua sukari na chumvi duka moja. Chanzo ni kimoja, ndio, lakini kutoka sulfanilamidi hadi klorothiazidi ilichukua zaidi ya miaka ishirini na watu wa figo wakifanya kazi na watu wa kemia meza moja. Wewe una semesta nne.

Kipimo, hapa ndio kesi inaamuliwa

Tuanze na bakteria. Unahitaji sahani ya plastiki ya vishimo 96, mchuzi wa Mueller-Hinton, inkubeta ya nyuzi 37, na aina za bakteria zenye zinajulikana dunia nzima, kwa mfano E. coli ya ATCC 25922, ATCC ikiwa ni hazina ya bakteria ya Marekani. Unayeyusha kampaundi yako kwa kiyeyusho cha DMSO, unaipunguza nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo, unaweka bakteria, unaenda kulala. Baada ya saa 16 hadi 20 unaangalia kishimo gani kimebaki safi, na kile cha kiwango cha chini kabisa chenye bakteria hawakukua ndio MIC yako. Ukiweka rangi ya rezazurini hata macho hayachoki, ya buluu bakteria hawajakua, ya waridi wako hai na wanakucheka. Kampaundi 12, usiku mmoja, jibu liko.

Uzuri wa hii kitu ni kwamba kuna kipimo cha aibu kimejengwa ndani. Unaweka siprofloksasini, antibayotiki ya sokoni, kando ya molekuli yako, na siprofloksasini huizuia ile E. coli kwa mikrogramu 0.004 hadi 0.016 kwa mililita. Yako ikizuia kwa 128, unajua umesimama wapi bila kuambiwa na mtu. Ndio maana huwa nasema kimbia mtu yeyote mwenye anataka upime kwa milimita za duara kwenye agar peke yake, kwa sababu duara inategemea pia kama molekuli yako inasambaa vizuri kwa agar, ile ya mafuta mafuta haiendi popote hata kama ni kali, na ile ya maji inatembea mbali hata kama ni dhaifu, halafu mtu anaandika "ilionyesha nguvu ya kuridhisha" akiwa amemwaga dawa ya kuzamisha ng'ombe. Na DMSO yenyewe ikizidi inaua bakteria, kwa hivyo weka kishimo cha DMSO tupu na usipite asilimia 1.

Kuna mtego mmoja upande huu lazima niseme. Kitu chenye kinaua bakteria kinaweza kuwa kinaua kila kitu, jiki pia inaua bakteria. Kwa hivyo lazima upime kwa seli za mamalia, seli za Vero za figo ya tumbili kwa kawaida, ama ukikosa kabisa anza na chembe nyekundu za damu uone kama zinapasuka. Hii hatua wengi huiruka na ndio inatenganisha kazi ya maana na kazi ya kujaza kurasa.

Malaria na TB ni maambukizi pia lakini usiziingize kichwa kichwa. Vimelea vya malaria vinataka damu ya binadamu kila mara, mchanganyiko wa gesi na mtu wa kuviangalia hadi Jumapili, hiyo ni kazi ya mahali kama KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, na kama supavaiza wako hana mtu huko ndani basi jina la malaria kwa propozali ni pambo tu. TB hai inataka maabara ya usalama wa ngazi ya 3. Achana nayo.

Sasa presha. Bakteria ni kiumbe, unamuua ama humuui, lakini presha si kiumbe, ni namba yenye inatoka kwa moyo, mishipa, figo, chumvi na ubongo vikivutana. Hakuna sahani ya presha. Chenye watu hufanya ni kuchagua kipande kimoja cha hiyo mvutano na kupima hicho, na kipande cha bei nafuu ni kimeng'enya kinaitwa ACE, chenye husaidia kupandisha presha. Unachukua ACE ya mapafu ya sungura, unaipa chakula chake cha maabara kinaitwa HHL, inaikata na kutoa asidi ya hipuriki, unasoma kwa spektrofotomita kwenye nanomita 228. Ukiona inakata kidogo, kampaundi yako imezuia. Kwa karatasi inaonekana rahisi kama ile ya bakteria, na ndio maana inavutia watu.

Shida ya kwanza, ACE ina madini ya zinki katikati, na kitu chochote chenye kinashika zinki kitaizuia, hata EDTA, kemikali ya kawaida ya kushika metali, kwa hivyo ukipika hidrazoni ama besi za Schiff zenye zinapenda metali utapata namba nzuri zenye hazina maana. Hakuna mtu atakushtua, mashine itasoma tu, na wewe utafurahi. Shida ya pili, kimeng'enya chenyewe kinataka baridi kutoka kinapotoka nje mpaka friji yako, na stima za huku mnazijua. Shida ya tatu ndio kubwa na nitarudi kwayo huko chini, kwamba kwa watu wetu ACE si mlango wa kwanza.

Ukitaka kupita ACE unaingia kwa wanyama. Unachinja panya, unatoa mshipa mkubwa, unakata pete ndogo za milimita chache, unazitundika kwa chombo chenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni, unaikaza pete kwa fenilefrini halafu unaangalia kama molekuli yako inailegeza. Ni kipimo kizuri sana, ukikipata. Baada ya hapo ndio panya mzima, wengine hutumia wale wa ukoo wa presha wenye Wajapani wa Kyoto waliwazalisha 1963, na wenye hawana pesa hiyo huwapa panya wa kawaida kemikali ya L-NAME mpaka presha ipande. Halafu unafunga mkanda kwa mkia. Mkia lazima upashwe joto na panya azoee kile kichupa siku kadhaa, kwa sababu panya akikasirika presha inapanda yenyewe na hapo huwezi jua unapima dawa ama unapima hasira. Juu ya hayo yote kamati ya maadili ya wanyama, kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya utafiti, na mtu wa famakolojia mwenye anakubali jina lake liandikwe.

Na kabla mtu hajaniambia MIC inatosha yote, kumbukeni Prontosil ilifeli kwa sahani. Presha nayo iko na yake, enalaprili, tembe yenye iko kila kemisti, ukiiweka kwa ACE vile ilivyo itaonekana mvivu, mpaka ini liigeuze kuwa enalaprilati ndio inakuwa kali. Kwa hivyo pande zote mbili sahani inaweza kutupa dawa nzuri. Tofauti ni kwamba ya bakteria inakosea kwa usiku mmoja na kwa bei ya mchuzi.

Kupika kwenyewe

Hapa presha inashinda, wacha niwe mkweli. Familia ya nifedipini na amlodipini inatoka kwa mmenyuko wa Hantzsch, wa tangu miaka ya 1880. Aldehidi moja, esta ya asetoasetati mara mbili, amonia, ethanoli, chemsha na kondensa, poza, fuwele zinashuka. Nifedipini yenyewe, yenye Bayer iliingiza sokoni 1975, ni hiyohiyo na nitrobenzaldehidi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kuipika na ikatoka safi. Badilisha aldehidi mara 15, una kampaundi 15. Funga chupa na foili tu, kwa sababu nifedipini ikipigwa na mwanga inaharibika, na jua la Kisumu halina huruma.

Kidokezo kidogo kwa watu wa Njoro, mko juu, maji yenu huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na ethanoli nayo huchemka chini ya ile 78 ya vitabuni, kwa hivyo ikiandikwa "chemsha saa 4" nyinyi ongezeni muda ama mbadilishe kiyeyusho. Watu wa Kisumu shida yenu ni etha, mchana wa Februari chumba kikifika nyuzi 32 etha inakaribia kuchemka ikiwa kwa rafu.

Lakini usidanganyike na Hantzsch ukadhani presha yote ni hivyo. Ukienda upande wa losartani na valsartani unakutana na tetrazoli, kipete chenye nitrojeni nne, na kuipika maana yake azidi ya sodiamu. Azidi na asidi inatoa gesi ya sumu yenye pia hulipuka, azidi na diklorometani inatengeneza kitu cha kulipuka, azidi ikimwagwa kwa sinki yenye mabomba ya shaba ama risasi inakaa hapo ikingoja fundi. Labu yenye haina hudi, lile kabati la kuvuta gesi, inayovuta vizuri isiguse. Na hata wakubwa huteleza: 2018 valsartani ilirudishwa nchi nyingi baada ya kupatikana na NDMA, kitu chenye kinashukiwa kuleta saratani, na chanzo kilikuwa njia mpya ya kutengeneza hiyo tetrazoli yenye kiwanda cha Zhejiang Huahai huko Uchina kilikuwa kimebadilisha, kiyeyusho cha DMF kikakutana na nitriti ya kuua azidi iliyobaki. Upande wa perindoprili, dawa ya kuzuia ACE, nako kuna vituo vitano vya kaboni vyenye mkono wa kulia na wa kushoto, ukikosea kimoja una molekuli ingine kabisa, na bila kolamu maalum ya kutenganisha hutajua hata kama umekosea.

Bakteria nao wana mapishi ya rahisi, besi za Schiff za sulfonamidi, chalkoni, kwinolini, na triazoli za kubofya, ile kemia ya shaba yenye ilipata Nobel 2022. Hizi triazoli pia zinatumia azidi, kwa hivyo onyo ni lilelile. Kwinoloni zenyewe zilitokea kama takataka, asidi ya nalidiksiki ya 1962 ilitoka kwa kitu cha pembeni wakati watu wanatengeneza klorokwini, na ukoo huo ukazaa siprofloksasini. Mimi napenda hiyo hadithi kwa sababu inamaanisha ukipata doa la ajabu kwa TLC, ile sahani ya kutenganisha kampaundi, usilimwage, lipime.

NMR, mashine ya sumaku ya kusoma muundo wa molekuli, ni shida ya pande zote. Usipoonyesha muundo wa molekuli yako kwa NMR hakuna jarida la maana litakusoma, na sampuli nyingi husafirishwa mbali na huku, wakati mwingine nje ya nchi. Wenye walipanga pesa ya kupika na wakasahau ya kusoma walichopika ni wengi.

Dawa mpya inahitajika wapi zaidi?

Presha ina wagonjwa wengi kushinda. Utafiti wa STEPS wa Kenya wa 2015 ulipata karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na ripoti ya WHO ya 2023 inasema duniani ni kama mmoja kati ya watano tu wenye presha ndio imedhibitiwa. Kubwa sana. Lakini uliza kwa nini haijadhibitiwa, utaambiwa mtu hajawahi pimwa, ama alipimwa akapewa tembe akaona yuko sawa akaacha, ama dawa ziliisha kituo cha afya. Molekuli mpya kutoka Maseno haigusi hata moja ya hizo. Dawa za zamani bado zinafanya kazi ileile, kaptoprili ya 1981 bado inabana ACE vile ilibana siku ya kwanza, ACE haijifunzi kujificha.

Na hapa ndio ile shida ya tatu. Kwa watu weusi kizuia ACE kikitumika peke yake hushusha presha kidogo kuliko dawa zingine. Utafiti wa CREOLE wa 2019, watu 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha amlodipini na HCTZ, ama amlodipini na perindoprili, zinashusha vizuri kuliko perindoprili na HCTZ. Yaani amlodipini, yenye huziba mfereji wa kalsiamu wa mishipa, ndio nguzo. Sasa angalia kejeli, kipimo chenye mwanafunzi wa huku anaweza kumudu ni cha ACE, na kipimo chenye kingefaa wagonjwa wa huku, kile cha mfereji wa kalsiamu na pete za mshipa, ndio hana. Unapima chenye unaweza, si chenye unahitaji.

Dawa mpya za presha zipo, usidhani wamelala. Aprositentani ilipitishwa Marekani Machi 2024, inaziba vipokezi vya endothelini, ni kwa wale wamekunywa dawa kadhaa na presha bado iko juu. Baksdrostati inazuia kutengenezwa kwa aldosteroni na imefika majaribio makubwa ya binadamu. Zilebesirani ni ya RNA, sindano yenye wanataka idungwe mara mbili kwa mwaka, na hiyo hata si kemia ya chupa na kondensa. Ukiangalia hizo unaona uwanja wenyewe umehamia mahali labu ndogo haifiki. Tena kumbuka dawa ya presha mtu anameza miaka 30 akiwa hajisikii mgonjwa, madhara kidogo tu anaiacha, kwa hivyo usalama wake lazima uwe wa juu kabisa. Ya maambukizi unameza siku 5 ama 7, kichefuchefu kidogo unavumilia.

Bakteria wao ni tofauti, hao hujifunza. Makadirio yaliyochapishwa kwenye Lancet 2022 yaliweka vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 moja kwa moja kwa usugu wa bakteria. Huku kwetu unajua vile inaenda, mtu anapita kemisti anaomba Amoxil mbili na Septrin nne, anameza siku mbili, anaweka zingine kwa droo. Kwa hivyo hitaji la molekuli mpya ni la kweli na halitaisha.

Ila usiende ukidhani ni rahisi kufika mwisho. Kampuni ya dawa ya GSK kati ya 1995 na 2001 ilichuja malaki ya kampaundi kwa majaribio karibu 70 dhidi ya shabaha za bakteria na ikatoka na molekuli 5 za kuendelea nazo. Bakteria wa Gram-hasi, kina E. coli na Klebsiella, wana ukuta wa nje na pampu za kutema dawa, kwa hivyo kampaundi yako inaweza kuua Staphylococcus vizuri na kwa E. coli isifanye kitu, hiyo ni kawaida, usilie. Na pesa nayo ni mbaya, Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha plazomisini Juni 2018 na Aprili 2019 ikafilisika, kwa sababu antibayotiki mpya nzuri huwekwa kwa kabati isitumike hovyo. Presha ni kinyume, mtu anunue kila mwezi mpaka azeeke. Mwenye ndoto ya kutajirika na hataza basi ajue hilo, ingawa kwa masta hataza ni hadithi tu.

Kwa wenye wanataka mfano wa Afrika, Kelly Chibale, Mzambia, alianzisha kituo cha kutafuta dawa cha H3D Cape Town 2010, na molekuli yao ya malaria, MMV048, iliingia kwa binadamu 2014, halafu baadaye ikasimamishwa kwa sababu ya madhara kwa vijusi vya wanyama. Ilikuwa kazi nzuri kabisa na bado ilisimama. Kituo kimebaki, watu wamefunzwa, na nafasi za PhD za kemia ya dawa Afrika nyingi zinafuata malaria, TB na bakteria.

Nani asinisikize

Kama idara yenu ina mtu wa famakolojia mwenye tayari anatundika pete za mshipa kila wiki, si mwenye anapanga kununua mashine, nenda presha bila kufikiria mara mbili, pika dihidropiridini zako, ile familia ya nifedipini, kwa sababu hapo una kemia rahisi na kipimo cha kweli, na hiyo ni ndoa ngumu kupata. Vilevile kama wewe unapenda uchambuzi kuliko kupika, kuna kazi nzuri sana upande wa presha ya kutafuta uchafu kama NDMA kwa tembe za sartani, kina losartani na valsartani, zenye ziko sokoni, inataka mashine nzuri lakini haitaki panya. Na kama kompyuta ndio yako, miundo ya ACE na kipokezi cha AT1, kile sartani huziba, iko wazi mtandaoni, ila tafadhali kufunga molekuli kwa kompyuta na kupata namba hasi kubwa hakumaanishi umepata dawa, tafuta hata mtu mmoja wa kuzipima kwa maji.

Wengine wote, bakteria. Kampaundi 10 hadi 15, aina nne za bakteria mbili Gram-chanya mbili Gram-hasi, seli za Vero, kwisha. Kuna pia CO-ADD ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilianza 2015 kupima kampaundi za wanakemia wa nchi zote bila malipo dhidi ya bakteria watano na kuvu wawili, na wanahitaji miligramu moja hivi tu ya kuanzia, angalia masharti yao ya sasa kabla hujatuma.

Kabla ya kutia sahihi, mkalie supavaiza chini umwulize kwa heshima, mwalimu, kipimo kitafanyika chumba gani na nani ana ufunguo? Bakteria za ATCC ziko kwa friza ya nyuzi -80 ama ziko kwa barua pepe ya kuomba? Mwanafunzi wa mwisho kupima hapa alipima lini? Jenereta inashika friza ama inashika ofisi ya mkuu wa kitivo? Wanyama wana kibali cha mwaka huu? Na NMR nani analipa, swali hili uliza kabla hujanunua hata gramu moja ya aldehidi.